Uzi: Gari la anayerudi kutoka Uarabuni, na ile ahadi ya "tutaondoa ushuru"

Uzi wa leo ni mrefu, wekeni chai jikoni kwanza.

Watu kadhaa wameniomba nieleze hili jambo la magari ya "watu wa nje", maanake kila msimu wa siasa ukikaribia linarudi. Mtu anapanda jukwaani Likoni au Kisauni, anasema akichaguliwa, vijana wetu walioko Uarabuni watarudi na magari yao bila kulipa hata shilingi. Makofi. Mpinzani wake anajibu ati huko ni kuua mapato ya serikali. Makofi tena, ya watu wengine. Hakuna hata mmoja anayesema kwamba msamaha huo tayari upo kwenye sheria, na umekuwapo miaka na miaka.

Sitataja mtu wala chama, mnajua kanuni ya nyuzi zangu. Anayetaka kutukana atafute kwengine.

Tuanze na bei, maanake bila bei hamtaelewa watu wanapigania nini. Chukua gari la mtumba ambalo KRA imelithamini shilingi 1,000,000, nauli ya meli na bima zikiwa ndani. Injini haizidi 1500cc, yaani Probox au Vitz ya kawaida. Ushuru wa forodha ni asilimia 35, hiyo ni 350,000. Sasa tuko 1,350,000. Juu ya hiyo jumla, si juu ya ile milioni ya kwanza, unatozwa ushuru wa bidhaa asilimia 20, ambayo ni 270,000. Tuko 1,620,000. Juu ya hiyo tena, VAT asilimia 16, yaani 259,200. Bado ada ya tangazo la uagizaji asilimia 2.5 na tozo ya reli asilimia 2, hizo mbili zinahesabiwa kwa ile milioni: 45,000. Jumla ya kodi ni 924,200.

Kodi juu ya kodi juu ya kodi. Injini ikipita 1500cc, ushuru wa bidhaa unapanda hadi asilimia 25 na jumla ya kodi inafika 1,002,500. Unanunua gari moja, unalipia mawili. Wenye injini kubwa za juu ya 3000cc nawaacha, hao asilimia yao ni 35 na wana pesa zao.

Na hiyo "thamani" si lazima iwe ile uliyolipa wewe. KRA ina orodha yake ya bei za magari yakiwa mapya, inachukua hiyo bei, inapunguza kulingana na umri wa gari, kisha inaanza hesabu. Ndio maana risiti yako ya Japani haimsisimui mtu pale forodhani.

(Tozo ya reli, ndiyo, ni ya ile reli inayoishia Miritini. Ilianza 2013, treni ya abiria ikaanza 2017, na tozo ingali nasi. Hiyo ina uzi wake siku nyingine.)

Sasa huo msamaha. Uko katika Jedwali la Tano la Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ya mwaka 2004. Mkenya anayerudi nyumbani kukaa anaweza kuingiza gari moja bila ushuru. Masharti: awe ametimiza miaka 18. Awe ameishi nje angalau miaka miwili, na ndani ya miaka hiyo miwili asiwe amekaa Kenya kwa jumla ya siku 90 au zaidi. Kwa hivyo wewe unayekuja kila Ramadhani ukakaa mwezi na nusu, jihesabie vizuri, siku 90 zimeshatimia hizo. Asiwe amewahi kupewa msamaha kama huo. Gari liwe lake, kwa jina lake, na awe amelimiliki na kulitumia huko huko nje angalau miezi 12, siku za meli kuwa baharini hazihesabiwi. Na liingie ndani ya siku 90 tangu afike, isipokuwa forodha imuongezee muda.

Rudini mlisome hilo sharti la gari. Miezi 12, lake, na amelitumia.

Hapo ndipo siasa ilipojificha. Sheria haiulizi umefanya kazi miaka mingapi, wala umetuma nyumbani pesa ngapi. Inauliza: una gari? Injinia aliyeajiriwa Dubai na marupurupu ya nyumba na usafiri, gari analo, anarudi nalo au na badala yake, anaokoa laki tisa, milioni, mbili. Dada wa Mtongwe aliyeenda Riyadh mwaka 2014 kufanya kazi za nyumbani atalipata wapi gari la kumiliki miezi 12? Hebu kumbukeni kwamba Saudi Arabia wanawake waliruhusiwa kuendesha magari Juni 2018. Kabla ya hapo, dada huyo hata angekuwa na pesa ya kununua, asingelishika usukani. Na sharti ni awe amelitumia.

Mamangu mdogo alikaa Jeddah miaka sita. Aliporudi Kisauni alikuwa na mpango wake mzuri kabisa: anunue Probox, asambaze mahamri na viazi vya karai asubuhi kwa mahoteli kuanzia Bamburi hadi Mtwapa. Alikuwa amesikia kwa watu kwamba "diaspora hawalipi ushuru". Akaenda kwa ofisi moja ya ajenti wa forodha, nami nikamsindikiza kwa sababu ndiye aliyenilipia karo ya sekondari na mimi ndiye ninayejua kusoma makaratasi, au ndivyo anavyoamini. Yule bwana akamsikiliza kwa heshima, akauliza swali moja tu:

"Mama, huko ulikokuwa ulikuwa na gari?"

"Gari la nini, mwanangu? Mimi nilikuwa mfanyakazi."

"Basi msamaha huna."

Dakika tano hazikufika. Yule ajenti hakukosea, alisema sheria ilivyo. Sasa mama mdogo ana tuktuk, na mahamri yanafika, lakini Mtwapa ni mbali kwa tuktuk.

Nikiwa kwenye haya makaratasi nikakutana na kifungu kingine ambacho sijawahi kusikia kikipigiwa kelele kwenye mjadala wowote. Sheria ya VAT ya 2013 inamsamehe ofisa wa umma anayerudi kutoka ubalozi wetu nje kwa gari moja, na mke au mume wake naye kwa gari lingine. Sharti asiwe amepata nafuu hiyo ndani ya miaka minne iliyopita. Someni tena: kwa dada wa Mtongwe msamaha ni mara moja maishani na gari lazima liwe limetumika huko. Kwa ofisa wa ubalozi ni magari mawili kwa nyumba moja, na baada ya miaka minne anaweza kurudi kwenye foleni. Mtu anaweza kutetea hilo, watumishi wa umma wanatumwa, hawakujipeleka. Sawa. Lakini litetewe hadharani basi.

Twende kwa usukani, maanake hapa ndipo watu wetu wa Ghuba wanapoumia hasa. Saudia, Imarati, Qatar, Oman, Kuwait, Bahrain, zote zaendesha upande wa kulia wa barabara, kwa hivyo magari yao usukani uko kushoto. Kenya haisajili gari la usukani wa kushoto, isipokuwa magari ya kazi maalumu kama ambulansi, ya zimamoto, au mitambo mikubwa ya ujenzi. Hata uwe na msamaha, hata uwe tayari kulipa ushuru wote na nusu juu, ile Land Cruiser yako ya Doha haipati namba ya K.

Njia iliyopo ni hii: unaliuza lile la kushoto huko huko kabla ya kurudi, kisha unaingiza la usukani wa kulia ambalo thamani yake haizidi ile ya ulilouza, na unapata msamaha kwa hilo la pili. Karatasi za lile la kwanza, usajili wake na za kuliuza, lazima uwe nazo. Nawajua watu waliouza gari kwa mkono, mwenzao wa kambini akalichukua, karatasi hakuna. Hao wakifika hapa hawana cha kuonyesha.

Halafu umri. KEBS ina kiwango chake, KS 1515, kinachosema gari linaloingia lisizidi miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Kwa mfano, mwaka 2025 gari lilipaswa kuwa la 2018 au jipya zaidi. Kiwango hiki hakijali wewe ni nani. Msamaha wa ushuru haukuondolei miaka minane, na mtu akipenda gari lake la 2012 kama mtoto wake, atalipenda akiwa huko.

Kuna anayeniuliza kila mara: mbona Changamwe na Miritini naona magari mazee yamejaa kwenye yadi za CFS, mengine usukani uko kushoto? Hayo si yetu. Ni ya njia, yanakwenda Uganda, ambayo tangu 2018 inakataa gari lililozidi miaka 15, au yanakwenda Rwanda, Burundi, Congo na Sudan Kusini, ambako wanaendesha upande wa kulia. Bandari ni yetu, sheria ya gari ni ya kule linakokwenda. Ndio ule mjadala mwingine wa "magari ya transit yanaishia kuuzwa Nairobi", ambao ni wa kweli kama tatizo la ukaguzi, lakini watu wanauchanganya na huu wa wanaorudi nyumbani. Ni vitu viwili.

Na upande wa pili je, anayehamia kwetu kufanya kazi? Si wazungu peke yao. Fikiria Mtanzania wa Tanga amepata kazi hoteli za Diani. Anavuka Horohoro na Lunga Lunga na gari lake la namba ya T. Bima anayo, kadi ya manjano ya COMESA, ambayo Tanzania inaitumia ingawa COMESA yenyewe iliihama zamani, mambo ya kwetu hayo. Forodha wanampa kibali cha muda. Kibali kikikaribia kwisha, ama anaomba aongezewe, ama gari linarudi Tanga. Sheria ya forodha yenyewe haitaki kitu kilichoingia kwa muda kikae kupita miezi 12. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inamruhusu yeye mwenyewe kuja kufanya kazi. Gari lake, lililotoka Japani likalipiwa Dar, halihesabiwi kuwa bidhaa ya Afrika Mashariki. Akitaka namba ya K anaanza upya na KRA, na kama limepita miaka minane, hata huko hafiki. Mfanyakazi ana uhuru wa kuvuka mpaka, gari lake ni mgeni wa kibali. Wanaotuhubiria umoja wa Jumuiya wangeanza na hilo, wallahi.

Sasa tuje kwa swali ambalo ndilo lililonifanya niandike: ni nani hasa ana uwezo wa kubadilisha haya? Kwa sababu jukwaani wote wanasema "nitaondoa".

Jedwali la Tano, lenye yale masharti ya miaka miwili na miezi 12, si sheria ya Nairobi. Ni ya Jumuiya. Mbunge wa Likoni, Kisauni au Changamwe hawezi kulibadilisha peke yake, wala Bunge zima la Kenya haliwezi peke yake. Linapitia kwa mawaziri wa nchi wanachama na Arusha. Viwango vya ushuru wa forodha pia ni vya Jumuiya. Asilimia iliyokubaliwa na wote kwa magari ni 25. Ile 35 tunayolipa ni Kenya iliyoomba ruhusa kwa wenzake mwaka 2023 iondoke kwenye ile 25, ikapewa. Kwa hivyo mtu akikwambia "hiyo ni Jumuiya, mikono yetu imefungwa", mwambie kwa ile 35 mikono ilikuwa wazi sana.

Ushuru wa bidhaa na VAT ni vya Bunge letu. Hapo mbunge ana mkono kamili, na Mswada wa Fedha unakuja kila mwaka kati ya Aprili na Juni. Kwenye ule mfano wetu wa Probox, hivyo viwili peke yake ni 529,200 kati ya 924,200. Zaidi ya nusu ya kodi haina uhusiano na Arusha.

Miaka minane nayo ni kiwango cha KEBS. Hakuna kura inayopigwa Bungeni kila ikikaribia Januari. Waziri na shirika wanaweza kukaza au kulegeza, na wakati fulani rasimu ya sera ya magari ilipendekeza kuteremsha hadi miaka mitano, wauzaji wa mitumba wakapinga, na hadi leo tuko kwenye minane.

Hapo Mombasa inagawanyika, na wanasiasa wetu wanajua. Miritini kuna kiwanda cha kuunganisha magari, kuna mafundi wanaokula pale, na kila gari la mtumba linaloingia rahisi ni gari jipya ambalo halikuunganishwa. Lakini hapo hapo, ukitembea kutoka Changamwe hadi Port Reitz, hesabu mwenyewe: madereva wa kutoa magari bandarini, makarani wa ajenti, walinzi wa yadi, mafundi wa kubadilisha redio za Kijapani, mama ntilie wanaowalisha wote hao. Hao wanakula kwa mtumba. Mgombea anayesema "tulinde viwanda" na anayesema "tufungue bandari" wote wawili wana wapiga kura kwenye mtaa mmoja, mara nyingine kwenye nyumba moja. Kwetu ndivyo ilivyo, tuko wanne, mmoja yuko kiwandani na mmoja CFS.

Maoni yangu mimi, na mnaweza kunipinga hapo chini kwa adabu: ule msamaha unapaswa kufunguliwa kutoka kwa gari na kufungwa kwa kazi. Mtu aliyekaa nje miaka miwili akifanya kazi kwa mkataba unaojulikana, apewe kiasi fulani cha nafuu, chenye kikomo cha thamani, akitumie kwa gari moja dogo analonunua popote, awe alikuwa na gari huko au hakuwa nalo. Pesa zinazotumwa nyumbani na Wakenya wa nje zilivuka dola bilioni 4 mwaka 2022, na Saudi Arabia ni miongoni mwa nchi zinazoongoza kwa kuzileta. Sehemu ya hizo ni mishahara ya watu wa aina ya mama mdogo.

Hoja ya kupinga nimeisikia, na si ya kipumbavu. Ukifungua hivyo, wafanyabiashara watakuja Kisauni kununua majina. Watampa dada wa watu elfu hamsini, wataingiza gari kwa pasipoti yake, na yeye hatalipanda hata siku moja. Ni kweli inaweza kutokea. Lakini hata leo sheria inasema gari lililosamehewa likiuzwa au kupewa asiye na haki, ushuru unadaiwa. Kikomo kidogo cha thamani kingepunguza hamu ya hao wafanyabiashara, maanake faida yao iko kwa magari makubwa. Na huu wasiwasi wa udanganyifu mbona hausikiki kwa yale magari mawili ya ofisa wa ubalozi?

Kwa wale walioko huko sasa hivi na wanafikiria kurudi: kama gari unalo, hakikisha liko kwa jina lako na usajili una tarehe, si la mwajiri wala la kampuni. Hesabu siku zako za likizo Kenya kabla ya kukata tikiti, si baada. Usilipe meli kabla ya kuangalia umri wa gari na upande wa usukani. Na likishafika, usilale, maanake una siku 21 za kuwasilisha makaratasi ya forodha. Zikipita, gharama za yadi zinakula, na mwishowe jina la gari lako utaliona kwenye Gazeti la Serikali, kwenye orodha ya mnada.

Wengine, Mswada wa Fedha ujao ukitoka na kamati ya Bunge ikiita maoni ya wananchi, maoni ya maandishi yanakubaliwa, hata ya ukurasa mmoja, hata kwa Kiswahili. Nitaweka hapa mfano wa barua kuhusu ushuru wa bidhaa na VAT kwa gari la mfanyakazi anayerudi. Mama mdogo ameshasema yake niiandike mwanzo.